Mguu wa Baba na Uso Wangu

Dawa iliyotibu uso wangu ndiyo hiyohiyo aliyopewa baba kwa ajili ya mguu wake. Nianze na hilo, kwa sababu kila ninapomsimulia mtu hunikatiza hapo: inawezekanaje dawa ya chunusi ikawa dawa ya kidonda? Inawezekana. Jina lake ni refu, lakini sisi kijijini kwetu Endasak tunaiita doksi, na kazi yake ni kuua vijidudu, viwe vya shavuni kwa msichana au vya unyayoni kwa mzee. Zingekuwa dawa mbili tofauti, za rangi tofauti, nadhani baba yangu leo angekuwa anatembea kwa miguu miwili.

Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu na kurudi nyumbani kusubiri ajira. Kusubiri ajira nako ni kazi. Unaamka, unakamua, unapalilia, unachungulia simu kama kuna tangazo, unaulizwa na wapita njia "bado tu?", unalala. Katika kusubiri huko uso wangu nao ukaamua kuharibika. Sisemi vile vipele viwili vitatu ambavyo kila mtu amewahi kuwa navyo. Haya yalikuwa mavimbe magumu, mekundu, mashavuni na kwenye taya, yanauma hata yakiguswa na mto. Moja likipasuka linaacha shimo, na jingine liko njiani. Nilifika mahali nikawa nasalimia watu nikiangalia chini, na wazee wakanisifu kwa adabu.

Kijijini kila mtu akawa daktari. Nipake dawa ya meno. Nipake shubiri. Ninawe kwa mkojo wangu wa asubuhi. Jirani yetu mmoja alisema niolewe tu, zitaisha zenyewe, kana kwamba wachumba walikuwa wamejipanga nje ya uzio wakingoja ninawe uso. Nilimjibu vibaya, na mama akanituma nikamwombe radhi. Mama mwenyewe hakutoa ushauri wowote. Alinipa maziwa.

Hapa lazima niieleze nyumba yetu. Kwetu maziwa ndiyo jibu la kwanza la kila kitu. Mgeni hupewa maziwa, mgonjwa hupewa maziwa, aliyetoka safari hupewa maziwa, na anayekunywa dawa hupewa zaidi, kwa kuwa dawa ni kali na maziwa yanaituliza. Kuyakataa mbele ya aliyekuletea ni kumwambia kwamba humtaki. Na kibuyu cha maziwa hakimalizwi. Chini hubakizwa kidogo, ili yale mapya yakimiminwa yapate cha kuyagandisha.

Sheria hiyo ya kubakiza baba aliitumia kwa kila kitu. Chumvi haikomi kwenye kopo. Kiberiti hakiishi njiti. Hata akinywa chai, kikombe hukirudisha na chai kidogo chini, na mama amekuwa akimwaga chai hiyo miaka yote bila kulalamika. Lakini kwenye mbegu ndiko alikokuwa mkali kweli. Mahindi yakivunwa, kabla mtu hajachemsha hata hindi moja, yeye hupita kuchagua yaliyo bora, huyaacha na maganda yake, huyasokota mawili mawili na kuyaning'iniza kwenye boriti iliyo juu ya jiko. Moshi wa kila siku unayapaka weusi na dumuzi hawayagusi. Njaa iingie, isiingie, mahindi yale hayaliwi. Mimi nilikuwa namcheka. Nilikuwa namwambia, baba, wewe hata ugonjwa ungeubakiza wa mbegu.

Naye alikuwa akicheka.

Basi nikaenda zahanati. Nesi wetu alikuwa mama wa makamo kutoka pwani, Mwislamu, aliyeletwa kwetu na kazi na ambaye hakuwahi kuizoea baridi ya mlima wetu, Hanang. Alikuwa akivaa sweta juu ya sweta na ushungi juu yake. Aliuangalia uso wangu bila kusema pole na bila kucheka, akanigeuza taya huku na huku, akauliza nimetumia nini. Nilipofika kwenye mkojo wa asubuhi akainua mkono, inatosha. Kisha akauliza:

"Una ujauzito?"

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Hapana."

"Sikuulizi kwa ubaya, mwanangu. Dawa hii mjamzito hatumpi, na mtoto mdogo hatumpi, inamharibu meno."

"Hapana," nikasema tena, na mara hii nilikuwa namjibu mama.

Akaniuliza kama kuna dawa iliyowahi kunidhuru, kama kuna vidonge vingine ninavyotumia. Halafu akanipa kapsuli kwenye kimfuko cha plastiki na maelezo marefu. Nimeze kwa maji, glasi nzima. Niwe nimekaa wima au nimesimama, na nikishameza nisilale. Nisinywe pamoja na maziwa, wala dawa ya kiungulia, wala vidonge vya kuongeza damu, kwa kuwa vinaishika dawa tumboni isiingie kwenye damu. Nijikinge na jua. Mwili ukitoa vipele, au kichwa kikiuma sana na macho yakaona ukungu, niache na nirudi. Nimalize kama alivyoniandikia. Na nisimgawie mtu.

Niliyasikia yote. Ila jioni ile mama alikuja chumbani na kikombe cha maziwa ya moto, ameyachemsha kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa nimeshajifunika blanketi. Nikamwambia nesi amekataza maziwa. Akasema nesi ni mtu wa pwani, huko hawana ng'ombe, atajuaje. Alisimama pale na kikombe chake. Ningefanya nini? Nikaweka kapsuli mdomoni, nikapiga funda moja la maziwa ili aridhike, nikajilaza.

Ikaendelea hivyo kwa siku kadhaa, na uso haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kifua. Asubuhi moja niliamka na moto katikati ya kifua, pale chakula kinapopita. Mate yalikuwa yanauma. Ugali ulikuwa unauma. Uji wa vuguvugu niliumeza huku machozi yakinitoka. Mama akaogopa, na baba, ambaye siku zote huacha mambo ya kike kwa wanawake, akamwita kijana wa pikipiki, akapanda nyuma yangu, tukaenda wote kwa nesi.

Nesi alijua kabla sijamaliza kueleza. Kapsuli imekwama njiani, akasema, ikayeyukia hapo na kuchoma. Ulimeza na nini? Nikasema maziwa, funda moja. Ukiwa umekaa? Nikasema hapana, nimejilaza. Hakunigombeza. Alisimamisha dawa kwa muda ili kidonda cha kooni kipone, na nilipokuwa tayari kuanza upya akayarudia maelezo yote tangu mwanzo, polepole, neno kwa neno, kama mtu anayemfundisha mtoto sala. Mara zote hizo baba alinisindikiza. Alikaa kwenye benchi la ukutani, kofia magotini, akitazama nje ya mlango ambako mbuzi wa mtu walikuwa wanakula ua la zahanati. Nyumbani tunaongea Kiiraqw, na Kiswahili cha baba ni cha kuchagua maneno. Nilidhani yale ya nesi yanampita.

Kuanzia hapo nilifuata. Maziwa ya mama nikawa nayanywa mchana, mbali na dawa, na yeye akayahesabu kuwa ni maziwa. Uso ukaanza kupoa, taratibu mno, kiasi kwamba wa kwanza kuona alikuwa yule jirani wa kuolewa. Jua ndilo nililolidharau. Kwetu ni baridi, ukungu unashuka mlimani na kukaa juu ya mashamba mpaka karibu adhuhuri, nani anafikiria jua? Tulikuwa tunang'oa maharage kwenye shamba letu la Masakta, upepo unavuma, nimevaa sweta, kichwa wazi. Jioni pua na paji la uso vilikuwa vimeiva kama nimeinamia chungu. Ngozi ilitoka. Tangu siku ile nilikuwa nafika shambani nimejitanda kitenge mpaka machoni, na watu wakawa wananiuliza kama nimesilimu.

Muda alioniandikia nesi ulipokwisha, akasema basi. Hii si dawa ya kunywa mwaka mzima, akasema, vijidudu vinaizoea, na siku ukiihitaji kweli haitakusikia. Akanipa krimu ya kupaka usiku. Mashavuni bado nilikuwa na mavimbe machache na makovu mengi. Nikamwomba aniongezee kidogo tu. Akakataa kwa upole, na mimi nikatoka pale nimevimba kwa hasira.

Nyumbani nilimweleza mama jikoni. Nilisema amenikatia dawa wakati ndiyo kwanza inanikubali. Nililia kidogo, si sana. Baba alikuwa nje ya mlango anapukuchua maharage.

Msimu wa palizi uliofuata jembe lilimkata baba unyayoni. Alikuwa amevua viatu kwa sababu ya tope, ardhi ikateleza, jembe likashuka pembeni ya kisigino. Alijifunga kitambaa akaendelea kupalilia mpaka mstari uishe. Baada ya siku chache mguu ulikuwa umevimba hadi juu ya kifundo, mwekundu, wa moto, ngozi imekaza na kung'aa. Alikuwa anatetemeka kwa homa huku akisema ni baridi ya ukungu. Tulimpandisha kwenye pikipiki kwa nguvu.

Nesi alikisafisha kidonda, akamuuliza baba kama kuna dawa inayomdhuru. Mama akajibu kwa niaba yake: zamani alichomwa sindano ya penisilini, mwili mzima ukavimba, pumzi ikabana, nusura afe. Nesi akatikisa kichwa, akasema dawa za jamii hiyo basi tusiziguse. Akafungua kabati. Alipogeuka alikuwa ameshika kapsuli zangu. Nilizijua rangi kabla hajasema.

"Si ndiyo za mtoto hizi?" baba akauliza.

"Ndiyo, mzee wangu. Zinatibu mengi. Lakini hizi ni za mguu wako. Umalize zote, hata ukiona umepona. Umenielewa? Zote."

"Nimeelewa," baba akasema.

Na kweli alizinywa. Nilimwona. Asubuhi na jioni alikuwa anakaa kwenye kigoda chake, anaomba maji, anameza. Alikuwa hataki nimsimamie. Homa ikashuka, uvimbe ukashuka, wekundu ukabaki pembeni ya kidonda tu. Mama alimshukuru Mungu kanisani kwa sauti. Halafu siku moja nikaona kimfuko cha dawa kimetupwa kwenye majivu, kitupu, mapema kuliko nilivyotarajia. Nikamuuliza baba:

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Nilifikiri huenda nesi alimpa chache kuliko zangu. Mguu ulikuwa unaonekana mzuri. Kesho yake alikuwa shambani.

Mguu uliporudi kuvimba, ulirudi kwa kasi nyingine. Kidonda kilikuwa kimejifunga juu, na chini yake kulikuwa na kitu kinachopiga kama moyo. Nesi alikiminya, na kilichotoka kilitufanya mama na mimi tutazame ukutani. Akauliza dawa alimaliza? Baba akasema alimaliza. Nesi akakunja uso. Kama amemaliza na imerudi hivi, akasema, basi dawa hii imeshindwa, na hapa sina nyingine ya kumfaa. Akaandika rufaa, aende hospitali kubwa, siku ileile.

Sijui kama kuna mahali mtu anajiona mdogo kama kwenye benchi la hospitali. Unakaa na thermosi ya uji na blanketi. Watu waliovaa vizuri wanapita haraka. Ukisimama kuuliza unaambiwa subiri, ukisubiri unasahauliwa. Mimi niliyekuwa na cheti cha ualimu, niliyezoea kumtafsiria baba kila barua na kila ujumbe wa simu, sikuwa na kitu cha kumtafsiria. Daktari alikuwa kijana, mwenye haraka lakini si mbaya. Alimpima sukari, ikawa sawa. Akampiga picha ya mguu. Akarudi na swali lilelile.

"Mzee, zile kapsuli za mwanzo, ulizimaliza?"

"Nilimaliza."

"Una uhakika? Hukuacha njiani?"

Baba alinitazama mimi, si daktari. Nilidhani anataka nimthibitishie. Nikasema niliona mfuko mtupu.

"Nilimaliza," baba akasema tena.

Walijaribu dawa za mshipa. Walifungua kidonda na kukisafisha, wakakifungua tena. Kila asubuhi nilikuwa nikiamka na matumaini, na kila asubuhi shuka lilikuwa na harufu ileile. Niliomba. Nilimkasirikia nesi, nikaikasirikia ile dawa iliyoujua uso wangu ikashindwa kuujua mguu wa baba, nikaukasirikia uso wenyewe. Hakuna hata kimoja kilichosaidia. Mwishowe daktari alituita pembeni, akasema mfupa umeshaliwa, na sumu inapanda. Mama hakuelewa, na mimi nikamwambia kwa lugha yetu, na wakati naitafuta njia ya kulisema neno kukata, nikagundua kwamba sijawahi kulisema isipokuwa kwa mti au nyama. Nilichukia kwamba ni mimi niliyepaswa kulisema.

Wakamkata chini ya goti.

Tulirudi nyumbani kabla ya mvua. Baba alikuwa mtulivu kuliko sisi. Alijifunza magongo uani, akianguka na kukataa kuinuliwa. Wanaume wa jirani walikuja kumlimia, na yeye alikaa kwenye kigoda ukingoni mwa shamba akiwaelekeza mistari, na walikuwa wanamwitikia "ndiyo mzee" kwa sauti laini isiyo yao. Sauti hiyo ilikuwa inaniuma zaidi ya magongo. Uso wangu ulikuwa umetulia bila mimi kuona. Katika majuma yale ya hospitali sikuwa nimejitazama kwenye kioo, nilikuwa napaka krimu ya nesi gizani kwa mazoea tu, na mavimbe yalikwenda zake. Yalibaki makovu.

Mvua za kwanza ziliponyesha, mama na mimi tulikwenda jikoni kushusha mbegu. Ilikuwa mara ya kwanza kazi hiyo kufanywa na mtu asiye baba. Mama alipanda kwenye kigoda, akawa ananipa mahindi yakiwa mawili mawili, meusi kwa moshi, mimi nayaweka kwenye ungo. Jozi moja, ile baba aliyoibakiza ya msimu uliopita, ilikuwa imefungwa tofauti. Maganda yalikuwa yamekunjwa ndani na kukazwa kwa fundo lile la baba analofungia ndama. Nikalifungua. Katikati ya maganda kulikuwa na kipande cha plastiki kilichokunjwa vizuri, na ndani yake kapsuli.

Zilikuwa zimegeuka rangi. Joto la jiko lilikuwa limezilainisha zikagandana, nyingine zimepasuka na unga wake umekuwa wa kahawia. Mama aliziona kutoka juu ya kigoda. Akaweka mkono mdomoni, akashuka, akakaa chini kwenye majivu na nguo yake nzuri. Hakukuwa na haja ya kuuliza ni za nani wala zimefikaje huko.

Nilitoka nazo nje. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mzazi. Nilitaka kumpigia kelele, nilitaka kuzimwaga mbele yake zile takataka. Baba alikuwa ameketi juani, gongo limeegemea ukuta, suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini pale mguu unapoishia. Aliona nilichoshika, na uso wake ukafurahi.

"Mmezikuta," akasema. "Nilikuwa nataka kuwaambia mbegu ikishushwa."

"Baba, hizi ni nini?"

"Zako. Nesi alikukatia na wewe ulilia. Mguu wangu ulikuwa umeshapoa, nikasema hizi za kuzidisha nikuwekee."

Nikauliza lile lililokuwa likinichoma.

"Hospitali walikuuliza. Mara ngapi walikuuliza. Kwa nini hukuwaambia?"

"Ningewaambia wangetuma mtu azichukue," baba akasema. "Ni dawa ya serikali ile."

Alisema hivyo kwa utulivu kabisa, mtu aliyefanya hesabu yake akaridhika nayo. Kisha akanisogeza uso kwa mkono wake, akauelekeza kwenye mwanga, akapapasa makovu ya shavuni kwa kidole kigumu cha jembe. "Chunusi bado ipo," akasema. "Iko hapa, na hapa."

"Baba, moshi wa jiko..." nikaanza.

Akasubiri. Macho yake yalikuwa kwangu, na chini ya macho hayo kulikuwa na ile suruali iliyokunjwa. Nilikuwa na maneno yote. Ningemweleza kwamba dawa si mahindi, joto huiharibu, iliyoharibika inaweza kumdhuru mtu, na kwamba yangu ilishakwisha kazi. Nesi angeyasema vizuri. Lakini ningemwambia kwamba zimeharibika, ningekuwa nimemwambia pia kwamba mguu wake ulikwenda bure. Sikuweza. Nilisimama pale na elimu yangu yote na sikuweza.

Baba alimwita mama alete maji.

"Si maziwa," akasema. "Maji. Glasi ijae."

Mama alileta, macho mekundu. Baba akanisogezea kigoda kwa gongo lake.

"Kaa. Kaa wima, usiegemee ukuta." Alikuwa anasema Kiswahili sasa, kile cha kuchagua maneno, na maneno yalikuwa ya nesi, yote, kwa mpangilio wake, hadi ile lafudhi yake ya pwani. "Unameza na maji yote. Ukishameza usilale, itakwama ikuchome. Maziwa mpaka baadaye. Jua likiwa kali, ujifunike. Kichwa kikiuma sana, useme. Na usimgawie mtu." Akafikiri kidogo, kuona kama kuna alilosahau. "Umalize zote."

Nilichomoa kapsuli moja kutoka kwenye lile donge, ikanata vidoleni. Nikapeleka mkono mdomoni, nikaurudisha umefungwa, na kapsuli ikabaki ndani ya ngumi. Kisha nikanywa. Maji yalikuwa ya baridi, na nilikunywa bila kupumua, huku yeye akiangalia koo langu linavyopanda na kushuka. Nikaigeuza glasi ili aone kwamba chini hakukubaki hata tone.

"Umemaliza?" baba akauliza.

"Nimemaliza," nikasema.